Kabla ya Kurudi, Niliomba Kuona Daftari

Simu iliingia Jumanne asubuhi nikiwa juu ya ngazi ya stoo, nimekumbatia katoni ya vichujio vya mafuta ya gari. Namba nilishaifuta zamani, lakini macho yaliitambua kabla sijapokea. Ukipigiwa na namba moja kwa miaka saba, tarakimu zake za mwisho hazitoki kichwani. Alikuwa afisa utumishi wa kazini kwangu kwa zamani. Akanisalimu, akaniuliza habari za nyumbani, akamuulizia mama kwa jina la mjukuu wake, kisha akaingia kwenye lililompigisha simu: nafasi ya mkuu wa ghala iko wazi, wanataka nirudi, na mshahara utazidi ninaoupata sasa kwa robo nzima.

Nilishuka ngazi, nikaweka katoni chini, nikamwomba wiki mbili za kufikiri. Alishangaa kidogo. Nadhani alitegemea ningejibu palepale.

Wiki mbili zile ndizo ninazotaka kuziandika hapa, maana kuna wengi wanaopigiwa simu kama hii, na wengi tunajibu kwa furaha ya kukumbukwa kabla hatujakaa chini.

Kwanza, kwa nini niliondoka. Kampuni ile, ambayo sitaitaja, inasambaza dawa na vifaa tiba. Mimi nilikuwa mtunza ghala upande wa baridi: chumba kimoja cha baridi na majokofu manne. Kazi yenyewe ukiielezea inaonekana ndogo. Unahakikisha joto halishuki chini ya nyuzi 2 wala halipandi juu ya nyuzi 8. Unasoma kipimajoto mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, unaandika kwenye daftari na kuweka saini. Basi. Ila ndani ya majokofu yale kuna insulini, kuna chanjo ya homa ya ini aina ya B, kuna oksitosini, dawa anayochomwa mama aliyejifungua ili damu isimwagike hadi kumuua. Na ubaya wa dawa hizi ni kwamba zikiharibika hazisemi. Maziwa yakichacha utayasikia harufu. Oksitosini iliyokaa kwenye joto inabaki maji meupe yaleyale, ndani ya kichupa kilekile, na lebo yake haijachubuka. Insulini iliyowahi kuganda ikayeyuka inaweza kukutazama kama mpya. Atakayejua ni mgonjwa, na atajua akiwa amechelewa.

Kwa hiyo daftari lile la joto, lenye kurasa zilizokunjamana kwa unyevu, ndilo macho ya mgonjwa ambaye hawezi kuingia ghalani kujionea. Nilifundishwa hivyo wiki yangu ya kwanza na mzee aliyenitangulia, na niliamini. Bado naamini.

Jumamosi moja usiku umeme ulikatika. Jenereta haikuwaka kwa sababu tangi lilikuwa tupu. Wa zamu ya Jumapili hakutokea. Umeme ulirudi Jumapili jioni, na Jumatatu saa 2 asubuhi nilipofungua, kipimajoto cha mlangoni kilisoma nyuzi 5, safi kabisa. Lakini ndani ya kila jokofu tulikuwa na kifaa kidogo cha kurekodi, kile kinachohifadhi joto la siku 30 zilizopita. Kinapiga alamu joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo. Majokofu mawili kati ya manne yalikuwa na alamu. Nikarudi nyuma kwenye kumbukumbu za kifaa, nikaona nyuzi 14.

Utaratibu haukuwa na utata. Mzigo unatengwa, unabandikwa karatasi ya kuzuia kutolewa, mfamasia anaarifiwa, mtengenezaji anaulizwa kama dawa yake imehimili joto lile kwa saa zile. Pengine imehimili. Dawa nyingi zina uvumilivu wake, lakini wa kusema ni mtengenezaji, si mimi, na si meneja wa mauzo.

Meneja alikuwa na lori mlangoni. Akatazama kipimajoto, akatazama nafasi mbili tupu za Jumapili kwenye daftari, akaniambia kwa upole kabisa, wala hakupandisha sauti: "Si unaona inasoma tano? Andika tano, asubuhi na jioni, mzigo utoke." Nilikataa. Alimgeukia kijana niliyekuwa namfundisha kazi, mwezi wake wa nne pale, akampa kalamu. Kijana akaandika. Lori likaondoka. Dawa zile ziliishia kwenye mikono ya nani, nimejiuliza usiku mwingi.

Niliandika taarifa ya kurasa mbili. Ilipokelewa kwa mkono, bila muhuri. Baada ya mwezi nikahamishiwa upande wa glavu na mabomba ya sindano, na baada ya miezi mitatu mingine nikaandika barua ya kuacha kazi. Sababu niliyoandika ilikuwa "sababu binafsi". Maneno hayo mawili ndiyo ninayoyajutia kuliko yote niliyowahi kuandika kazini. Niliogopa kukosa barua ya mapendekezo. Lakini kwa kuyaandika niliwapa ruhusa ya kusema kwamba niliondoka vizuri, na miaka mitatu baadaye afisa utumishi alinipigia akisema hivyohivyo: "Wewe uliondoka vizuri, hatukuwahi kuwa na tatizo na wewe."

Sasa turudi kwenye zile wiki mbili.

Sitaficha kwamba moyo ulinidunda. Hapa nilipo nahesabu vichujio, mikanda ya injini na beringi. Mwajiri wangu ni mzee muungwana, aliyenichukua nikiwa sina kazi kwa miezi mitano, na hajawahi kunichelewesha mshahara hata siku moja. Lakini beringi haiharibiki kwa nyuzi 14. Nikikosea hesabu, gari la mtu linachelewa gereji. Nimekumbuka ile kazi kwa namna ambayo sikuitarajia: koti zito la kuingilia chumba cha baridi, mvumo wa kompresa, ule utulivu wa kufungua mlango asubuhi na kukuta kila kitu kipo ndani ya mstari. Kuna watu wanarudi kwa mwajiri wa zamani kwa sababu ya fedha, wengine kwa sababu ya mazoea. Mimi nilijua nikirudi itakuwa kwa sababu ya kazi yenyewe, na hilo lilinitia hofu, kwa sababu kitu unachokipenda ndicho rahisi kukifumbia macho.

Kaka yangu, ambaye kila jambo analipeleka kwenye mpira, alisema nirudi bila kuchelewa. "Mourinho si alirudi Chelsea 2013? Akachukua ubingwa 2015!" Nilimkumbusha kwamba mwaka uleule wa 2015, Desemba, walimwondoa kwa mara ya pili. Tulibishana kwa saa nzima, na ubishi ule ulinisaidia kwa njia moja: nilitambua kwamba kurudi kwa mtu hakuelezi lolote. Inategemea amekuta nini na amerudi na mamlaka gani.

Mama hakubishana. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua hata uso. "Siku ile ulirudi nyumbani unalia. Hicho kilichokuliza kimeondoka, au mwenye kupiga simu ndiye aliyebadilika?"

Nilikaa na swali hilo siku mbili. Kisha nilitoa barua waliyonitumia kwa baruapepe, nikaisoma kwa kalamu mkononi.

Barua iliita ajira yangu mkataba mpya. Maana yake miaka saba ya mwanzo imefutika: likizo inaanza kuhesabiwa upya, kiinua mgongo kinaanza upya, na nawekwa kwenye kipindi cha majaribio cha miezi sita kama mtu ambaye hajawahi kuliona ghala lile. Watu wengi wanaorudi wanakutana na hili na hawalioni, kwa sababu macho yote yapo kwenye tarakimu ya mshahara. Ongezeko la robo linapendeza, lakini ukipoteza miaka saba ya kiinua mgongo unaweza kujikuta umeongezewa kwa fedha yako mwenyewe.

Lililonisumbua zaidi lilikuwa hicho kipindi cha majaribio. Mtu aliye kwenye majaribio anaweza kuachishwa kwa notisi fupi na maelezo machache. Nikajiona mwezi wa pili, lori lipo mlangoni, alamu imepiga, na meneja ananipa kalamu. Nikikataa nitakuwa sina hata kiti cha kukatalia. Na mstari wa chini yake ulinijibu nitakuwa nawajibika kwa nani: mkuu wa ghala ataripoti kwa meneja wa mauzo. Mtu yuleyule. Yupo bado.

Hapo nusura niandike hapana. Nilishafungua ujumbe, nikaandika salamu, nikaufuta. Badala yake nikampigia afisa utumishi na kumwomba jambo moja. Nikamwambia sitazungumzia mshahara wala cheo kabla sijaona daftari la joto la miezi 12 iliyopita. Akanyamaza. Akauliza, "Daftari tu?" Nikasema daftari tu.

Nilikwenda Jumamosi. Aliyenifungulia mlango alikuwa yule kijana, ambaye si kijana sana tena, ana ndevu na funguo zote za upande wa baridi zimening'inia kiunoni. Alinisalimu kwa heshima, akanipa koti, koti langu la zamani lenye mshono niliourudishia mwenyewe kwenye kiwiko. Kisha akaniwekea daftari mezani na kusimama pembeni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Daftari la uongo lina sura yake. Ukilitazama sana utaijua hata bila kifaa cha kurekodi. Tano, tano, tano, tano, ukurasa mzima; wino mmoja; mwandiko umelala upande mmoja kwa sababu umeandikwa kwa mkao mmoja, siku kumi kwa dakika mbili. Jokofu la kweli halisomi tano kila siku. Linasoma 4 asubuhi, 6 jioni mlango ukiwa umefunguliwa sana, 3 siku ya baridi. Nilifungua ukurasa wa kwanza nikitafuta tano.

Nikakuta 4, 6, 5, 7, 4. Kalamu ya bluu, kalamu nyeusi, siku moja penseli. Tone la maji limefuta nusu ya saini. Nafasi moja tupu kabisa, na pembeni imeandikwa "sikusoma, nilikuwa hospitali na mtoto". Niliisoma mara tatu ile. Mtu ameacha nafasi tupu na kusema kwa nini, katika daftari ambalo zamani nafasi tupu zilijazwa kwa amri.

Mwezi wa tisa nikakuta nilichokuja kukitafuta bila kujua. Nyuzi 11. Imezungushiwa duara. "Umeme umekatika saa 4 usiku, jenereta imegoma, mzigo wa majokofu 2 na 3 umetengwa." Chini yake saini ya kijana yule, chini yake saini ya mfamasia. Ukurasa unaofuata, siku tatu baadaye: "Majibu ya mtengenezaji yamepokelewa, mzigo umeruhusiwa." Siku tatu. Nilijua siku tatu za mzigo uliosimama zinagharimu nini pale, nilijua simu ngapi za wateja ziliingia, nilijua nani alikuja kusimama mlangoni kwa hasira. Na mzigo ulikaa.

"Nani alikubali usitoke?" nikauliza.

"Mfamasia mpya. Alipoingia alidai karatasi ya kutoa mzigo wa baridi iwe na saini yake. Meneja alipinga, wakaenda hadi kwa mkurugenzi."

Kisha akatazama chini, akachezea funguo. "Dada, ile siku mimi ndiye niliyeandika tano."

"Najua. Nilikuwepo."

"Najua ulikuwepo. Lakini sijawahi kukuambia. Nilikuwa na miezi minne kazini na mke mjamzito, sikujua kama mtu anaweza kukataa akabaki na kazi. Wewe ulikataa, na hukubaki." Akafungua daftari kwenye ukurasa wa nyuzi 11. "Usiku huu nilikuona wewe."

Sikuwa na jibu. Nilimshika bega tukasimama hivyo, kompresa ikivuma. Kwa miaka mitatu nilimweka kwenye kundi moja na meneja, na haikuwa haki. Kijana wa miezi minne aliyepewa kalamu na bosi wake si sawa na bosi aliyeitoa kalamu.

Wakati natoka nilikutana na meneja kwenye korido. Alinyoosha mkono, akatabasamu, akasema, "Karibu tena nyumbani, yale yamepita." Hakusema yapi. Sikuona dalili kwamba anaona alikosea, na sitaki mtu asome hapa akadhani nilikuta kila kitu kimepona. Nilichokuta ni kwamba mkono wake umeondolewa kwenye mlango wa jokofu. Kwangu hilo ni muhimu kuliko toba, kwa sababu siwezi kusubiri kila mtu atubu ndipo nifanye kazi.

Nikarudi nyumbani nikaandika masharti. Mkuu wa ghala, kwa mambo ya upande wa baridi, aripoti kwa mfamasia na si kwa mauzo. Hili halikuwa wazo langu la kujitungia. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 kuhusu utunzaji na usambazaji wa dawa inataka kuwe na mtu aliyepewa mamlaka juu ya ubora, na kwamba ikiwezekana asiwe yuleyule anayesimamia shughuli zenyewe. Pili, kipindi cha majaribio kiondolewe. Tatu, miaka yangu saba itambuliwe. Nne, taarifa yangu ya kurasa mbili iwekwe kwenye jalada langu.

Walijibu baada ya siku tano. La kwanza walikubali bila neno, nadhani mfamasia alikuwa analitaka hata kuliko mimi. Majaribio wakayaondoa. Miaka saba waliitambua kwa likizo tu. Kiinua mgongo walisema nilishalipwa nilipoondoka, jambo ambalo ni kweli, na hesabu inaanza upya. Nilivuta pumzi ndefu hapo. Nilipiga hesabu upya usiku kucha, kwa kalkuleta na karatasi, na nikaona nitapungukiwa kiasi fulani nikifika umri wa kustaafu. Nimekikubali kiasi hicho nikikijua. Ningekuwa na watoto watatu wa kusomesha badala ya mmoja, huenda ningekataa, na nisingejilaumu.

Kumwambia mzee wangu wa hapa kulikuwa kugumu kuliko yote. Nilimkuta anapanga ankara. Nilimweleza kila kitu, mpaka nyuzi 14, mambo ambayo sikuwahi kumwambia aliponiajiri. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa nini hukuniambia siku ile unaomba kazi?" Nikamwambia niliogopa ataniona mtu wa matatizo. Akatikisa kichwa. "Ningekuchukua siku hiyohiyo, nisingekuweka majaribio." Nitamfanyia mwezi mzima wa notisi, na nimeanza kumfundisha binti atakayeshika stoo. Barua yangu ya kuacha kazi safari hii ina sababu halisi, aya nzima.

Lile sharti la nne lilikawia. Afisa utumishi alinipigia juzi, sauti ya chini, akasema wametafuta jalada langu lote na taarifa haimo. Nilikuwa nimetegemea hivyo. Nakala yangu ilikuwa ndani ya bahasha, chini ya vyeti vya shule vya mwanangu, imekunjwa mara moja. Niliipeleka mwenyewe. Akaisoma akiwa amesimama, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, akarudia wa kwanza. Kisha akaketi, akavuta droo, akagonga muhuri wa kupokelewa kwenye kurasa zote mbili, akaandika tarehe ya juzi kwa mkono, akanirudishia nakala moja na nyingine akaitoboa na kuifunga kwenye jalada mbele ya macho yangu.